Amelala juu ya mto

Leo jioni jumuiya ilikuwa kwetu. Tumesoma Marko 4, pale Yesu akiwa chomboni na wanafunzi wake anatuliza dhoruba baharini; mvua inapiga bati hadi msomaji akalazimika kupaza sauti.

"Naye mwenyewe alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto..." (Shetri ni sehemu ya nyuma ya chombo.)

Binti yangu wa miaka sita akaninong'oneza: "Mama, alilalaje juu ya mto na yuko baharini?"

Nikampa mto wa kochi. Huu wa kichwa, mwanangu.

Akaulalia hapo hapo. Radi zinapasua, yeye fofofo.

Zaburi 107 inasema Bwana ndiye huituliza dhoruba, ndiyo maana wanafunzi waliogopa sana: "Ni nani huyu?" Miaka yote nimekazia amri ya Yesu kwa bahari, "Nyamaza, utulie". Leo siwezi kuuacha ule mto.

Ninyi wapendwa, usingizi ule mnauelewaje?