Kihispania cha likizo nilikiokota kwenye milango ya maduka

Kila niliyemuuliza nijifunzeje Kihispania cha likizo alinipa ushauri uleule: kariri “playa”, “maleta”, “sombrilla”. Nikakariri ufuko, sanduku na mwavuli wa jua. Kisha nikapata kazi jikoni Madrid, na mwenzangu akaniuliza, “¿Cuándo libras?” Alitaka kujua siku yangu ya mapumziko. Jibu lake ni “Libro los martes”, Jumanne sifanyi kazi, na hakuna orodha iliyokuwa nalo. Hadi leo ushauri ule unanikera, maana wanaoupokea ni wafanyakazi, si watalii.

Kilichonisaidia ni Agosti. Mwezi huo maduka mengi madogo ya Madrid hufungwa, na mwenye duka hubandika karatasi mlangoni. Nilizunguka mtaa wa Lavapiés na simu nikizipiga picha: “Cerrado por vacaciones”, tumefunga kwa likizo. “Volvemos el 1 de septiembre”, tunarudi Septemba 1. Iliyonifurahisha kuliko zote ilisema “del 5 al 28, ambos inclusive”, yaani tarehe 5 na 28 zote zimo. Usiku nilizisoma kwa sauti, nikiweka tarehe zangu: “Estoy de vacaciones del 3 al 20, ambos inclusive.” Sentensi fupi, za watu halisi, na sarufi ikaingia yenyewe. Angalia pia kwamba “vacaciones”, likizo, kwa kawaida huwa katika wingi.

“Puente”, yaani daraja, nilifundishwa na wenzangu. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, ukaomba na Ijumaa, hapo “haces puente”. Desemba kuna sikukuu tarehe 6 na 8, kwa hiyo wahi kuomba. Ukiugua, sema “estoy de baja”. Hiyo si likizo, usikubali siku hizo zikatwe kwenye likizo yako.

Na hesabu! Sheria ya Uhispania inampa mfanyakazi angalau “30 días naturales” kwa mwaka, Jumamosi na Jumapili zikihesabiwa. Ukisikia “laborables”, ni siku za kazi tu, kwa hiyo namba itakuwa ndogo. Uliza ni zipi kabla ya kusaini.

Madrid watu husema “coger vacaciones”, kuchukua likizo. Mbele ya Wameksiko au Waajentina sema “tomar”, kwani kwao lile la kwanza ni tusi.

Siku yangu ilipofika nilimwambia meneja, “Quisiera pedir mis vacaciones”, ningependa kuomba likizo yangu, nikataja tarehe, nikamalizia na “ambos inclusive” yangu. Akasaini palepale. Nakala ninayo.