Aprikoti juu ya paa za Hunza

Habari za Hunza zikisimuliwa, msimuliaji hukimbilia dai kwamba wenyeji wake huishi hadi miaka 120, na kuliacha tunda lililowalisha. Leo naanza na tunda hilo: aprikoti, tunda dogo la rangi ya chungwa lenye kokwa moja.

Hunza ni bonde la kaskazini mwa Pakistan, katika milima ya Karakoram. Karimabad, mji wake mkuu, uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Wengi wa wakazi ni Waismailia, Waislamu wa Shia wanaomfuata kiongozi wao Aga Khan, sawa na Waismailia wa Dar es Salaam na Mombasa. Mvua ni haba mno. Mashamba yamejengwa kwa matuta ya mawe ubavuni mwa mlima, na maji yake hutoka kwenye barafu kwa mifereji, yakiwa ya kijivu kwa unga wa mawe.

Aprikoti huiva Julai na Agosti, tena nyingi kwa mpigo, na hazingoji. Huchumwa zikiwa zimeiva barabara. Hupasuliwa kwa vidole kufuata mfuo wake, kokwa hutolewa, kisha nusu mbili huanikwa juu ya paa bapa, trei za fito au majabali, nyama ikitazama juu. Ukizilaza kifudifudi, maji hayapati pa kutokea na nyama inanata chini. Ukizibananisha, zinavunda pale zinapogusana. Jua likiwaka, siku chache zinatosha: tunda hukunjika bila kupasuka na halitoi maji likibanwa. Manyunyu ya ghafla ndiyo hasara kubwa, kwani zikishaota ukungu ni za kutupwa. Zinazokauka kwa jua tupu huwa za kahawia. Zile za dukani zenye rangi ya chungwa inayong'aa zimefukizwa salfa.

Kokwa huvunjwa kwa jiwe. Kiini kitamu huliwa au hukamuliwa mafuta. Kilicho kichungu kina kemikali iitwayo amigdalini, ambayo ikifika tumboni hutoa sumu ya sayanidi, na viini vichache tu vyaweza kumdhuru mtoto. Inaniuma kuona viini hivyo vikiuzwa kama dawa ya saratani kwa jina la Hunza. Hiyo ni sumu.

Chakula kingine cha zamani kilikuwa chapati za unga usiochekechwa, uliosagwa kwa kinu cha maji, pamoja na maharage, mboga za majani, viazi na mtindi. Nyama ililiwa zaidi majira ya baridi, kwa sababu malisho yalikuwa machache na mifugo isiyoweza kulishwa ilichinjwa. Kuni nazo zilikuwa adimu, hivyo mboga zilipikwa kwa maji kidogo na mchuzi wake ukanywewa.

Wapo walioandika kwamba watu hawa hufunga kula kila majira ya machipuko, baridi inapoisha, kwa ajili ya afya. Ile ilikuwa njaa. Akiba iliisha kabla shayiri haijakomaa, na watu walijikaza. John Clark, mwanajiolojia Mmarekani aliyeishi Hunza mwaka 1950 na kuwatibu wenyeji, alikuta malaria, kuhara damu, minyoo na magonjwa ya macho. Rovu, yaani uvimbe wa shingo, nalo lilienea milima ile kwa upungufu wa madini joto. Kuhusu miaka 120, hapakuwa na vyeti vya kuzaliwa, kwa hiyo hakuna wa kuithibitisha. Miguu yao imara naiamini bila cheti: kupanda matuta na kuzibua mifereji tangu utotoni si kazi ndogo. Barabara ya Karakoram ilipokamilika mwishoni mwa miaka ya 1970, sukari na unga mweupe vikaingia kwa malori.

Ukitaka kuonja kinywaji chao, tafuta aprikoti za kahawia. Osha konzi moja, loweka usiku kucha katika vikombe viwili vya maji safi. Asubuhi ziponde kwa mkono humo humo hadi maji yawe mazito, unywe pamoja na nyama yake. Sukari usitie, utamu uliomo unatosha.