Kihispania: mkazo kwanza, maana baadaye

Muuzaji wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, akisema "ninanunua sato", ni- ya mwanzoni imeshamtaja mnunuzi. Kihispania humtaja mwishoni: compro, compras, compra, compramos, compráis, compran. Kwa hiyo yo si lazima kila sentensi, kama ambavyo hatusemi "mimi" kila mara.

Kinachotuangusha hasa ni mkazo. Sisi huuweka silabi ya pili kutoka mwisho, bila kufikiri. Lakini compro ni "ninanunua", compró ni "alinunua". Ukiisoma ya pili Kiswahili, umebadili nafsi na wakati kwa pamoja. Mkazo huohuo ndio unaogeuza o ya poder (kuweza) kuwa ue kwenye puedo (naweza), kwa sababu unaangukia shina. Kwenye podemos (tunaweza) umehama shina, basi o inabaki. Tafadhali soma kwa sauti, usikariri jedwali kimyakimya.

Maana nyingi zisikutishe. Tunapiga simu, pasi na picha. Llevar ni hivyo: llevo el pescado a Nyegezi, napeleka samaki, llevo camisa blanca, nimevaa shati jeupe, llevo dos años en Mwanza, nina miaka miwili Mwanza. Hiyo ya mwisho haisemwi kwa llevé; kwa wakati uliopita ni llevaba.