Gulio la Krismasi Mwika na kesi ya mbuzi

Jamani kama hujawahi kwenda gulioni Mwika siku zile za mwisho mwisho kabla ya Krismasi, Kilimanjaro bado hujaijua. Wachaga tunavyorudi nyumbani Desemba kila mtu anajua, mabasi ya Dar yanajaa, Moshi mjini hapapitiki, ila utamu wenyewe uko huku juu, unapanda kutoka Himo, ukishapita Marangu Mtoni ukaanza kukutana na kina mama na mikungu kichwani ujue umekaribia.

Nilimsindikiza shangazi. Shangazi hanunui kitu mpaka akihoji kwanza. Ndizi mshare za machalari, zile za kupika na nyama, alipapasa kichane kimoja kimoja, ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, akauchota kiganjani akaupuliza afu akamwambia muuzaji, "Huu una mchanga, wazee wangu watavunjika meno." Yule mama akamjibu, "Dada, tangu lini mbege ikatafunwa?" Watu wote pale chini walicheka, shangazi mwenyewe akacheka mpaka akashika kiuno, akanunua na kuongezewa bakuli zima.

Sasa kimbembe kikaja kwa mbuzi. Shangazi ametoa nusu ya hela, nusu nyingine anaitafuta kwenye fundo la kanga, kamba kashika mtoto wa muuzaji. Pembeni kuna kijana kavaa kofia nyekundu ya Krismasi kwenye jua lile, anauza yale mapambo marefu ya kung'aa, na mbuzi bila salamu akavuta moja la dhahabu akaanza kulila. Kijana anapiga kelele nilipeni, na hapo ndo swali likazuka, mbuzi wa nani? Muuzaji anasema huyu ni wa mama, advansi nimepokea. Shangazi anasema kamba anashika nani? Dakika mbili tu soko zima limekuwa mahakama, muuza vitunguu ana hukumu yake, bodaboda wamezima pikipiki wasikilize, babu mmoja na kata yake ya mbege akasimama akatangaza walipe nusu kwa nusu. Shangazi akakubali ila kwa sharti bei ya mbuzi ishuke, maana yeye alinunua mbuzi mzima na sasa anapewa aliyekula plastiki! Na wakamshushia kweli, elfu kumi. Pambo lilivutwa mdomoni likatoka lote refu linameta mate, kijana akalisuuza kwa maji ya chupa akalitundika tena, na katoto kamoja kakaling'ang'ania hilohilo kwa sababu "la mbuzi", mama yake akalinunua.

Yani ndo maana naumia nikiona watu wanabeba vitunguu na nyanya toka Dar, wanafika wanajifungia getini mpaka tarehe 26. Ndugu zangu shukeni gulioni. Masoko yetu ya Uchagani tangu zamani ni ya akina mama, na hela unayomwachia pale Desemba ndo ada ya mtoto wake Januari, na humo humo utakutana na uliosoma nao msingi, na mawifi, na mtu anayekudai pia.

Ukienda wahi asubuhi, ikifika mchana mshare nzuri zimeshabebwa na gari za Noah za kushuka zimejaa mbuzi.