Nilivyovitengeneza upya vishikio vya ndizi ya kuvutwa na boti

Ndizi niliyoifanyia kazi, boya la kujazwa upepo ambalo abiria hulipanda likivutwa na boti, ni ile ya kawaida ya fukwe zetu, kuanzia Diani hadi Nungwi: mrija mkubwa wa PVC wa watu watano, unene wa kama sentimita 45, mirija miwili midogo ya kuwekea miguu ubavuni, na mbele ya kila kiti utepe mmoja wa nailoni uliopinda kama nundu na kuvikwa sponji. Mrija wenyewe ulikuwa mzima. Vishikio ndivyo vilivyonifanya niishushe ndizi nzima na kuipeleka kwa fundi.

Utepe laini unaonekana salama kwa sababu haugongi mtu. Tatizo lake ni kujisokota. Abiria akiangukia ubavuni huku ndizi inapinduka, mkono unageuka na utepe unageuka nao. Zamu moja tu inatosha: tundu lililokuwa la vidole vinne linakuwa kitanzi cha kifundo cha mkono, na boti bado inavuta. Wenye kutengeneza vifaa hivi huhangaika sana kishikio kisikatike, na ni kweli kishikio kikikatika mtu anaanguka vibaya. Lakini vidole vya mtu huachia kabla mkanda mzuri haujakatika. Kwa hiyo swali nililoanza nalo ni hili: mkono unatokaje, kwa upande wowote utakaovutwa?

Jibu la kwanza ni kuupa mkanda uti wa mgongo. Nilitumia bomba jeusi la maji la HDPE, lile la robo tatu ya inchi lenye kipenyo cha nje cha milimita 25, nikalikata vipande vya milimita 140. Urefu huo unakaa kiganja cha mwanamume mpana na kubakiza nafasi kidogo. Juu yake nikavisha sponji hadi unene ukafika kati ya milimita 32 na 34. Ukizidisha hapo, mwanamke mwenye vidole vifupi hafungi kiganja vizuri na atachoka kabla ya dakika tano. Ukipunguza sana, kishikio kinakata kiganja. Mkanda wa milimita 38 ukikunjwa mara mbili kwa urefu wake unapita ndani ya bomba bila kulazimishwa. Kingo za bomba zipigwe msasa mpaka ziwe mviringo, la sivyo zitausaga mkanda kutokea ndani, mahali usipoona.

Mkanda uwe wa poliesta. Nailoni hunywa maji, hurefuka na kupungua nguvu ikiwa imeloa, na huku kwetu imeloa siku nzima. Ule wa polipropilini, rahisi na wa rangi za kupendeza, jua huumaliza: ukiukwaruza kwa ukucha unatoa unga. Uzi nao uwe wa poliesta ya kushonea matanga au turubai. Uzi wa pamba huoza kwa unyevu.

Kabla ya kukata chochote niliijaza ndizi upepo, nikakaa kila kiti na kuweka alama kwa kalamu ya wino. Kishikio kimoja katikati ya ndizi, kama kilivyotoka kiwandani, kina ubaya wa pili: boti inapoondoka kwa kasi, aliye mbele huteleza nyuma na kuukalia mkono wa mwenziwe, au kukikalia kishikio chenyewe. Nikakiondoa hapo na kuweka viwili kwa kila mtu, kimoja kila upande, katikati ya kishikio ikiwa sentimita 22 kutoka mgongo wa ndizi ukipima kwa kufuata mviringo wa mrija. Mikono inakaa umbali wa mabega, chini kidogo ya mgongo wa ndizi, na mwili unainama mbele wenyewe. Uzito ukishuka namna hiyo, ndizi nayo haipinduki ovyo.

Pembe ya kishikio ilinichukua muda kuliko kitu kingine. Boti inapoanza kuvuta, mwili unabaki nyuma, na kishikio kilicholala kukingama ndicho bora. Lakini mtu anapotupwa kwenye kona anakwenda ubavuni, na kile kilicholala kukingama kinamfanya ateleze kwa urefu wa bomba mpaka kidole cha mwisho kikwame penye mkanda. Nikaviweka mshazari wa digrii 45, ncha za ndani zikielekea mbele, kama usukani wa baiskeli uliorudi nyuma. Hapo mkono unashika vizuri wakati wa kuondoka, na kwenye kona bomba linabingirika kutoka kwenye vidole badala ya kuvibana.

Sasa penye hatari ndogo isiyoonekana. Mahali mkanda unapotoka kwenye bomba na kushuka kwenye mrija pana pembe nyembamba kama kabari. Kidole cha mwisho hupenda kuingia humo. Viwango vya Ulaya vya viwanja vya michezo ya watoto, EN 1176, vinazihesabu nafasi za kati ya milimita 8 na 25 kuwa mitego ya vidole, na pembe ile ina vipimo vyote hivyo, kutoka sufuri kupanda juu. Hakuna namna ya kuipima ikawa salama. Iliyobaki ni kuiziba. Nilichonga kabari za sponji ngumu ya EVA, urefu milimita 50, kimo 50, upana 40, nikazijaza chini ya mkanda pande zote mbili. Champali nene zilizokatika mara nyingi ni EVA. Gundisha tabaka tatu au nne, kisha chonga kwa kisu kikali. Kabari hizo zinafanya kazi mbili: zinaziba mtego, na zinakiinua kishikio kisilale, nafasi ya chini ya bomba ikibaki kama milimita 45. Vidole vinne vinapita, ngumi haipiti. Mkono wa mtoto unapita, kwa hiyo ndizi hii haina kiti cha mtoto mdogo. Wa watoto ni mrija wao, vishikio vyembamba na nafasi ya milimita 35.

Kwa ndizi ya watu watano, vishikio kumi, vifaa vilikuwa mkanda mita 6 (kila kimoja kinakula sentimita 50), bomba mita 1.5, sponji ya bomba urefu huohuo, PVC ya maboti yenye unene wa milimita 0.9 mita mbili kwa upana wa mita 1.5, na lita moja ya gundi ya poliurethani ya vikopo viwili. Turubai la lori linavutia kwa bei, lakini ni jembamba na uso wake una vanishi inayokataa gundi. Hakikisha kwanza mrija wako ni PVC kweli. Tia tone la asetoni mahali palipojificha: PVC inanata kidoleni, Hypalon, mpira unaotumika kwa maboti mengine ya upepo, hainati. Hypalon ina gundi yake ya neoprini, na ya PVC ukiipaka hapo itabanduka wiki ileile.

Mkanda haushonwi kwenye mrija. Unashonwa kwenye kiraka, kiraka ndicho kinachogundishwa. Nilikata viraka vya sentimita 48 kwa 14, pembe zote mviringo, kwa sababu kona kali ndiyo mahali kubanduka kunapoanzia. Mkanda unalala sentimita 9 kila upande na kushonwa mraba wenye msalaba ndani. Mshono ule ni kazi ya fundi wa turubai mwenye cherehani nzito. Ya nyumbani inaruka nyuzi. Mkanda ukikatwa kwa kisu cha moto, ukingo ulioyeyuka hukauka ukawa mgumu na mkali kama kigae cha chupa. Kunja sentimita mbili za kila mwisho ziingie ndani kabla ya kushona. Kisha nikagundisha tabaka ya pili ya PVC chini ya kiraka ili kufunika nyuzi, upande unaokwenda kwenye mrija ubaki laini, na kila mkia nikaufunika kwa kiraka kidogo cha sentimita 13 kwa 14.

Mikia ile mirefu ina sababu. Gundi ni ngumu sana kwa kitu kinachovutwa sambamba na uso, na dhaifu kwa kitu kinachomenywa kama ganda. Kishikio kinachovutwa juu moja kwa moja kinamenya. Mkanda ukilala kwanza sentimita 9 ndani ya tabaka mbili, sehemu kubwa ya mvuto inageuka kuwa ya sambamba.

Chini ya bomba, juu ya kiraka, nikashonea kipande cha neoprini, mpira laini wa suti za kupiga mbizi, cha sentimita 14 kwa 10. Vifundo vya vidole vinasuguana hapo kila wimbi, na PVC yenye chumvi na mchanga ni msasa. Vituo vya wapiga mbizi hutupa suti zilizochakaa. Suti moja inatosha ndizi tatu.

Kugundisha ndiko kunakowashinda wengi pwani, na kosa si gundi, ni hewa. Unyevu wetu mara nyingi uko karibu asilimia 80. Kiyeyushi cha gundi kinapogeuka mvuke kinapoza uso wa PVC, unyevu unatua juu yake kama ukungu usiouona, na hadna, kile kigumishi cha kopo la pili, inaungana na maji badala ya kuungana na gundi. Kiraka kinaonekana kimeshika, kisha baada ya safari chache kinatoka kizima kama kibandiko. Nilifanyia kazi chumba chenye kiyoyozi; asiyekuwa nacho angoje mchana mkavu wa kaskazi, asijaribu asubuhi wala baada ya mvua. Chora alama ndizi ikiwa imejaa, gundisha ikiwa imetolewa upepo na kulazwa juu ya meza ili rola ipate pa kukandamizia. Piga msasa mwepesi pande zote mbili, futa kwa asetoni na kitambaa cheupe mpaka kisichukue rangi. Hadna ni kwa kipimo cha kopo, mara nyingi karibu asilimia 5. Paka mkono mwembamba kila upande, ngoja ukauke, paka wa pili, ngoja mpaka unate kidogo bila kuvutika uzi, kisha bandika kuanzia katikati kwenda kingo. Pasha kwa hita ya hewa moto, kandamiza kwa rola kwa nguvu zote. Usijaze upepo kabla ya saa 48.

Majaribio niliyafanya mara mbili, la kwanza kwenye kipande cha mrija chakavu kabla ya kugusa ndizi. Kipande nilikifunga kwenye boriti, nikaning'iniza kwenye kishikio mitungi sita ya lita 20 iliyojaa maji, yaani kilo 120, dakika tano kwa kila upande: juu, nyuma, ubavuni. Ukingo wa kiraka ukiinuka hata unene wa kadi, kazi inarudiwa.

Jaribio la pili ni la kuachia. Glavu nene ya mpira nikaijaza mchanga, nikaifunga kamba penye kifundo, vidole nikavikunja kwenye kishikio, nikavuta kwa pande nane, kisha tena nikiisokota zamu nzima. Kidole kimoja cha glavu kilivikwa pete ya pazia. Toleo la kwanza lilikwama mara mbili: pete ilishika mshono uliobaki nje ya kabari, na kidole kiliingia chini ya sponji iliyokuwa haijafika mwisho wa bomba. Mshono niliurudisha ndani, sponji nikaikata upya ifike mpaka kwenye kabari. Pete halisi za abiria zinavuliwa ufukweni hata hivyo, pamoja na bangili na saa. Pete ikikamatwa, ngozi ya kidole huweza kuchunika kama glavu inayovuliwa. Hilo nahodha aliseme kabla ya kusema bei.

Kwa kurudi juu ya ndizi niliweka mikanda mingine, chini karibu na maji, ya rangi ya chungwa. Hiyo imegundishwa bapa na kuinuka mahali pa mkono tu, isiwe kitanzi ambacho mguu utaingia, maana nahodha asiyetazama nyuma ataondoka na mguu wa mtu.

Kishikio hakifidii uendeshaji. Kwenye kona ndizi huzungukia nje na kwenda kasi kuliko boti yenyewe. WSIA, chama cha sekta ya michezo ya maji cha Marekani, kinaweka kilomita 32 kwa saa kwa watu wazima na 24 kwa watoto, na kamba ya mita 15 hadi 20. Hizo namba niliziandika kwa rangi ndani ya boti, mbele ya usukani.

Jua la mchana linahitaji jicho. Ndizi iliyojazwa kwa mgandamizo wa bar 0.2 hewa ikiwa na joto la digrii 25, ikiachwa mchangani mpaka hewa ya ndani ifike 50, inapanda hadi karibu bar 0.3. Gundi nayo imelainika kwa joto lilelile, ndipo kingo zinapoinuka. Punguza upepo ikiwa nchi kavu, ongeza ikishaingia majini. Jioni maji baridi ya kisima kwenye kila kishikio, kwa sababu chembe za chumvi zikikaukia ndani ya mkanda zinakata nyuzi kila unapopinda. Na mwanzo wa kila kaskazi ninakata kishikio kimoja, kile cha kiti cha nyuma kinachopigwa zaidi, nautoa mkanda kwenye bomba na kuutazama pale unapopita ukingoni. Ukiwa na manyoya, vyote kumi vinabadilishwa.