Nilivyoiachia wxPython kazi ya kuihoji kompyuta

Programu ya daftari la SACCOS niliyoiandika kwa Python ilitakiwa kufanya kazi kwenye mashine zisizofanana: laptopu ya mhasibu yenye Windows, laptopu ya katibu yenye Linux Mint, na kompyuta ya mezani ya kaunta tuliyoiwekea Ubuntu kwa sababu Windows ilikuwa inailemea. Upande wa madirisha, vitufe na majedwali haukunitia wasiwasi. wxPython, maktaba ya kutengenezea madirisha kwa Python, imejengwa juu ya wxWidgets, maktaba ya C++ iliyoanzishwa na Julian Smart mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na sifa yake kubwa ni kwamba haichori vitufe vyake yenyewe, bali hutumia vya mfumo endeshi husika. Mhasibu anaona vitufe vya Windows, kaunta wanaona vya GTK, seti ya vitufe na madirisha inayotumika kwenye Linux, na kila mmoja anajisikia yuko kwenye kompyuta aliyoizoea.

Kilichonishughulisha ni mambo yasiyoonekana. Daftari lihifadhiwe folda gani? Stakabadhi ya PDF ifunguliwe na nani? Programu tayari iko wazi au hii ndiyo mara ya kwanza? Umeme upo au tunakula betri? Kila swali kati ya haya lina jibu moja kwenye Windows na jingine kwenye Linux, na programu nyingi nilizowahi kurithi zilikuwa zimejaa masharti ya "kama ni Windows fanya hivi, kama ni Linux fanya vile", yametawanyika kila faili. Msimbo wa namna hiyo huchosha kuutunza.

Kwa hiyo kabla ya kuchora dirisha lolote nilichukua karatasi nikaandika maswali yote ambayo programu ingemuuliza kompyuta. Kisha nikafungua nyaraka za wxWidgets, sehemu ya fankisheni mchanganyiko, zile ambazo kwenye C++ nyingi zimo ndani ya faili la wx/utils.h, nikasoma moja moja nikiwa na karatasi yangu pembeni. Watu wengi huipita sehemu hii kwa sababu haina kitu cha kuonekana kwenye skrini. Nawasihi muisome. Karibu kila swali langu lilikuwa limeshajibiwa na watu waliolihangaikia kwa miaka mingi kuliko mimi.

Majibu yote niliyaweka kwenye moduli moja, mazingira.py. Sehemu nyingine ya programu hairuhusiwi kuuliza mfumo endeshi chochote. Inauliza mazingira, basi.

Folda lilikuwa jepesi. wx.StandardPaths.Get().GetUserDataDir() inarudisha mahali sahihi kwa kila mfumo: kwenye Windows ni ndani ya AppData\Roaming, kwenye Linux ni folda iliyofichwa, yenye nukta mwanzoni, ndani ya folda ya mtumiaji. Kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, jina la programu litajwe mapema kwa SetAppName, kwa maana ndilo linalotumika kuunda njia hiyo. La pili, fankisheni inakwambia mahali tu, haiundi folda. Kuiunda ni juu yako, kwa os.makedirs. Kwa ripoti za mwezi nilitumia GetDocumentsDir(). Mhasibu wetu alishahamishia folda yake ya nyaraka kwenye diski D, na ripoti zilikwenda hukohuko bila mimi kuandika mstari wowote wa ziada. Ningekuwa nimeunga njia kwa mkono, nikianza na C:\Users, zingeishia mahali asipopatazama.

Stakabadhi nazo zilikuwa hivyohivyo. wx.LaunchDefaultApplication() unaipa njia ya faili, nayo inalifungua kwa programu ambayo mtumiaji mwenyewe amezoea kusomea PDF. Dada yake, wx.LaunchDefaultBrowser(), nilimtumia kwenye kitufe cha kumkumbusha mwanachama rejesho: kinafungua kiungo cha wa.me, yaani cha WhatsApp, chenye namba ya mwanachama na ujumbe ulioandikwa tayari, karani anausoma, kisha anatuma. Ukumbuke tu kwamba fankisheni hizi zikirudisha True maana yake ni kuwa amri imepokelewa. Hazikuhakikishii kwamba mtu ameiona PDF.

Suala la programu kufunguliwa mara mbili lilinigusa zaidi, kwa sababu pale pana pesa za watu. Kompyuta ya kaunta ni nzito kuamka. Karani anabofya ikoni, haoni kitu, anabofya tena, na baada ya muda yanatokea madirisha mawili ya daftari moja. wxWidgets ina wx.SingleInstanceChecker kwa ajili ya hili, na jina linalopendekezwa kuipa ni jina la programu likiungwa na wx.GetUserId(), ili watumiaji wawili wa mashine moja wasizuiane. Kwenye Linux inaweka faili la kufuli ndani ya folda ya mtumiaji. Hapo nilisita: umeme ukikatika ghafla, faili linabaki, je, asubuhi karani ataambiwa programu tayari iko wazi wakati haipo? Nilipofuatilia nikaona ndani ya faili hilo huandikwa namba ya mchakato uliolifunga. Programu inapoanza upya huangaliwa kama mchakato huo bado uko hai, na kama haupo, kufuli la zamani huondolewa. Nilijaribu kwa kuchomoa waya ukutani huku daftari liko wazi. Likafunguka tena bila malalamiko.

Sasa umeme wenyewe, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi.

Miamala yangu inaandikwa kwenye hifadhidata ya SQLite mmoja mmoja, hivyo ulioingia umeingia. Kinachopotea ni fomu iliyojazwa nusu: jina la mwanachama, kiasi, namba ya mkopo, riba, na foleni iko mbele. Nilitaka laptopu ikihama kutoka umeme wa ukutani kwenda betri, programu ihifadhi rasimu ya fomu na kumpa karani onyo. wxWidgets ina wx.GetPowerType(), na majibu yake ni matatu: wx.POWER_SOCKET, wx.POWER_BATTERY na wx.POWER_UNKNOWN. Kwa mhasibu ilifanya kazi mara moja. Kwa katibu jibu lilikuwa POWER_UNKNOWN siku zote, waya ukiwemo au usiwemo, kwa kuwa nje ya Windows fankisheni hiyo ipo kwa jina tu. Msimbo wako hautakatika, ila hupati habari yoyote.

Naiheshimu sana tabia hiyo. Maktaba haikubahatisha. Ingekuwa rahisi kurudisha "umeme upo" na mtu asigundue mpaka siku ya hasara. Kazi ya mwandishi wa programu ni kulipokea hilo "sijui" kama jibu kamili, asilifiche ndani ya else inayodhani mambo ni salama.

Kwa Linux niliendelea na swali mwenyewe. Kiini cha mfumo (kernel) huweka taarifa za nishati kwenye /sys/class/power_supply/, folda moja kwa kila chanzo. Majina ya folda hubadilika kutoka mashine hadi mashine, kwa hiyo sikuyategemea. Nasoma faili linaloitwa type, likisema Mains nasoma online, ambalo ni 1 waya ukiwa na umeme na 0 ukikosekana.

def chanzo_cha_nishati():
    aina = wx.GetPowerType()
    if aina == wx.POWER_SOCKET:
        return "umeme"
    if aina == wx.POWER_BATTERY:
        return "betri"
    return soma_sys()

Na soma_sys(), ndiyo inayosoma mafaili hayo ya Linux, nayo ina ruhusa ya kurudisha "sijui". Ndivyo inavyofanya kwenye kompyuta ya kaunta, ambayo haina betri na folda ile ni tupu. Niliamua kwamba "sijui" ichukuliwe kama "umeme unaweza kukatika sasa hivi". Pakiwa na jibu hilo, rasimu huhifadhiwa kila karani anapotoka kwenye kisanduku kimoja kwenda kingine. Gharama yake kwa mashine ni ndogo mno, na tangu hapo umeme ukirudi fomu inajitokeza ilipoishia.

Mengine niyapitie haraka. Wakati wa kukokotoa gawio natumia with wx.BusyCursor(), na kishale kinarudi chenyewe hata hesabu ikikwama njiani. wx.Yield() niliiepuka, kwa sababu inamruhusu mtu kubofya kitufe kilekile katikati ya kazi. Hesabu ndefu naipeleka kwenye uzi wa pembeni (thread) na kuleta matokeo kwa wx.CallAfter(). Kwenye dirisha la "Kuhusu" kuna kitufe cha kunakili wx.GetOsDescription() na wx.version(), ili mtu akipata shida anibandikie WhatsApp. Jina la mtumiaji sikuliweka humo, halinihusu.

Kwa wenye Ubuntu au Mint: sakinisheni python3-wxgtk4.0 kwa apt. Ukitumia pip, kisakinishi cha Python chenyewe, mara nyingi itataka kuijenga wxWidgets nzima kutoka kwenye msimbo wake, na hiyo inakula bando na saa nyingi kwenye mashine dhaifu.

Juzi nimeanza programu ya duka la dawa. Nimenakili mazingira.py ilivyo, nikabadilisha jina moja tu kwenye SetAppName.