Nilivyomnyima Mwalimu malkia wake

Kwa miaka saba sikuwahi kumshinda Mwalimu. Nazungumzia mechi nzima. Mchezo mmoja mmoja nimewahi kuuokota, hasa jioni akiwa anacheza huku sikio liko kwenye redio, lakini kila tulipokaa kuhesabu michezo sita, nilirudi nyumbani nimefungwa.

Mwalimu ni mstaafu wa hesabu, anakaa Katindo hapa Goma. Sataranji alijifunza kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa kete ambayo wengine wanaiita askofu inaitwa "fou", yaani kichaa. Sisi watoto wa mtaa tuliofundishwa naye tunasema kichaa mpaka leo: kichaa wa miraba myeupe, kichaa wa miraba myeusi. Nitamwita hivyo humu, mnisamehe.

Juni 2023 aliniambia, "Kijana, tucheze sita tena. Ukinishinda, saa hii unaenda nayo." Saa yenyewe ni ya mbao, ya tangu enzi za Zaire, ina nyuso mbili na vitufe viwili juu, na kila uso una kibendera chekundu kinachoanguka muda wako ukiisha. Inatiwa ufunguo, haitaki umeme. Katika mji huu hiyo si sifa ndogo. Niliitamani tangu miguu yangu haijafika chini nikikaa kwenye kiti chake.

Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimefuatilia kwenye simu Ding Liren na Ian Nepomniachtchi wakigombea ubingwa wa dunia kule Astana. Walimaliza michezo 14 wakiwa 7 kwa 7, Ding akashinda kwenye michezo ya haraka. Kilichonivuta zaidi ni kwamba Ding alikuwa na Richard Rapport, gwiji mzima, kazi yake kumsaidia kuandaa funguzi, yaani hatua za mwanzo wa mchezo. Nikasema na mimi safari hii nitajiandaa hivyo. Badala ya Rapport nilikuwa na mdogo wangu wa kike anayesoma sekondari. Badala ya kompyuta kubwa nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, ndani yake Stockfish, injini ya kuchambua sataranji, ambayo kwa bahati ni ya bure.

Wiki mbili za kwanza nilizipoteza. Nilikariri. Mdogo wangu alikuwa akiosha vyombo huku ananiuliza, "Yaya, akisogeza hivi?" (kwetu yaya ni ndugu mkubwa) nami najibu kama kasuku, hatua kumi na mbili, kumi na tano. Kisha akaniuliza swali dogo tu: kwa nini? Sikuwa na jibu. Injini ilisema hivyo, basi.

Ndipo nikarudi kuangalia mechi ya London ya mwaka 2000, Kasparov na Kramnik. Kasparov alikuwa bingwa wa dunia tangu 1985, na akishika nyeupe akiwa na malkia wake ubaoni alikuwa moto wa nyasi kavu. Kramnik hakujaribu kuuzima moto ule, aliondoa nyasi. Mara nne akiwa na nyeusi alimpeleka kwenye ulinzi wa Berlin, na malkia wote wawili wakatoka ubaoni mapema. Michezo yote minne ikawa sare. Mechi ilifika mchezo wa 15 Kasparov akiwa hajashinda hata mmoja, ikaisha 8.5 kwa 6.5, maana sare ni nusu pointi.

Nilipoliona hilo nilisimama katikati ya chumba. Mwalimu akiwa na nyeupe anaanza na ufunguzi wa Kihispania, ule ule ambao Berlin ni jibu lake, kila siku, kama anavyokunywa chai. Na ushindi wake wote dhidi yangu una sura moja: malkia anaruka h5 (herufi ni mstari wa ubao, namba ni safu), kichaa anachungulia kutoka d3, halafu mfalme wangu anakufa nyuma ya askari wake mwenyewe. Mwalimu bila malkia ni motari bila pikipiki.

Basi nikaiandika Berlin kwenye daftari, na mara hii niliandika sababu pembeni ya kila hatua. Baada ya kichaa wa nyeupe kufika b5, farasi wangu anatoka f6, nyeupe anafanya roki, yaani mfalme anajificha pembeni na ngome inamruka, farasi wangu anakula askari wa e4. Nyeupe anasukuma d4, farasi anarudi d6, kichaa anakula c6, nakula kwa askari wa d, naye anakula e5. Farasi anakimbilia f5. Malkia wake anakula malkia wangu d8, mfalme wangu anakula malkia wake. Hatua nane tu. Ukiangalia ubao utasema nyeusi ameharibikiwa: mfalme amekwama katikati, hawezi tena roki, na askari wawili wamepandana kwenye mstari wa c. Ila hakuna wa kumuua huyo mfalme. Anatembea polepole kama mzee anayekagua shamba, na vichaa wangu wawili bado wako hai.

Kwa upande wa nyeupe, nilijua atanijibu kwa ulinzi wa Kifaransa, maana hajui mwingine. Nikachagua kusukuma askari hadi e5, tena na mtego ndani yake. Malkia wake mweusi akitoka b6 kuishambulia d4, mimi naweka kichaa d3, kana kwamba nimemsahau askari wa d4. Akimla kwa farasi kwa pupa, tunabadilishana farasi, malkia wake anabaki amesimama d4, na kichaa wangu anaruka b5 kwa shaha, yaani anamtishia mfalme. Wakati mfalme anashughulika na shaha, malkia wangu aliye d1 anamwona mwenzake d4, njia nyeupe. Malkia ameliwa bure.

Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza umeme ulikatika. Nilipeleka simu kwenye kibanda cha kuchaji na daftari nikaliacha juu ya meza yao, nikarudi kulichukua jioni. Mechi ya ubingwa wa dunia ya London ya 2018, ya Carlsen na Caruana, kuna video ilitolewa katikati ya mechi ikaonyesha skrini ya kompyuta ya kambi ya Caruana pamoja na funguzi zake, ikafutwa haraka. Nilikuwa nimecheka sana niliposoma habari ile.

Jumapili baada ya misa tukapanga kete. Seti ya Mwalimu ina ngome moja nyeusi ambayo ni jiwe la volkano. Ngome ya asili ilipotea Mei 2021, usiku ule Nyiragongo ilipolipuka na watu wakabeba walichoweza. Jiwe lile huwa lina uzito unaokera mkononi, na likitua kwenye ubao linasikika mpaka jikoni.

Mchezo wa kwanza nilikuwa na nyeusi, na Berlin ikatimia yote mpaka mfalme wangu kukaa d8. Mwalimu aliliangalia pengo la malkia wake kwa muda mrefu. Akaomba chai. Saa moja na nusu baadaye tukapeana mikono, sare. Nilijiona Kramnik.

Mchezo wa pili nilikuwa na nyeupe. Kifaransa, kama nilivyotabiri. Malkia b6, kichaa wangu d3, askari wakabadilishana d4. Moyo ukaanza kudunda. Lakini hakula kwa farasi. Kwanza alisogeza kichaa wake d7, taratibu, na kujikuna shavu. Nikafanya roki. Hapo ndipo akala askari wa d4 kwa farasi, nikamla farasi, malkia wake akala. Malkia wake yuko d4! Mkono wangu ukaondoka wenyewe. Kichaa b5!

Nilikuwa nimeshaachia kete nilipoona kwamba ile haikuwa shaha. Kichaa wake wa d7 alikuwa amesimama katikati kabisa ya njia ya kwenda kwa mfalme. Mwalimu akamla malkia wangu d1, nikamla wake kwa ngome, kisha akanyoosha mkono bila haraka na kumla kichaa wangu b5. Kete nzima, bure. Nikajikokota hatua ishirini zaidi kwa aibu tu.

Mama Mwalimu alituletea bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Sikuweza kula vizuri.

Usiku nilifungua daftari kwenye ukurasa wa mtego ule, ukurasa ambao sikuurudia kwa sababu nilijua naujua. Pembeni ya "kichaa b5, shaha" palikuwa na wino mwekundu, mwandiko wa ubaoni ninaoufahamu tangu utoto: "Na d7 je?"

Kijana wa kibanda aliniambia bila kuficha: Mwalimu naye alileta simu Ijumaa ile, akakaa na daftari kama nusu saa. Nilienda kwake nimevimba.

"Mwalimu, ulisoma daftari langu?"

"Lilikuwa wazi mezani, mwanangu. Daftari likiwa wazi mbele yangu nalisahihisha. Ni ugonjwa."

"Basi kwa nini uliingia Berlin na ulikuwa unajua?"

"Nilitaka kuona umeelewa au umekariri. Pale umeelewa." Akanyamaza kidogo. "Kwenye Kifaransa umekariri."

Niliporudi nyumbani nilijifariji kwa Anand. Mwaka 2010 alikuwa aende Sofia kutetea ubingwa wake dhidi ya Topalov, majivu ya volkano ya Iceland yakafunga viwanja vya ndege, akalazimika kwenda kwa gari kutoka Frankfurt. Aliomba siku tatu za kuahirisha, akapewa moja. Sisi wa Goma habari hiyo tunaielewa bila tafsiri. Mchezo wa kwanza alichanganya hatua alizoziandaa nyumbani akapigwa. Mechi aliishinda, 6.5 kwa 5.5. Kwa hiyo hata wao mkono unatangulia.

Wiki iliyofuata sikukariri hatua hata moja mpya. Kila jioni mdogo wangu alipanga hali ile ile ya ubao, mara na kichaa mweusi d7, mara bila yeye, ananificha kwa kitambaa kisha anafunua ghafla: "Shaha ipo au haipo?" Ilikuwa kazi ya kitoto, na ndiyo iliyonisaidia kuliko Stockfish.

Mchezo wa tatu Mwalimu alisukuma d3 hatua ya nne, akamwacha askari wangu wa e5 bila kumgusa, na Berlin yangu ikafungiwa mlango. "Berlin mji mzuri," alisema, "lakini leo siendi." Sare. Mchezo wa nne alirudia Kifaransa chake, kwa nini asirudie? Kichaa d7, roki, malkia d4. Safari hii niliikalia mikono yangu, kweli kabisa, chini ya mapaja. Kisha nikatoa farasi c3. Alishindwa kujizuia, akala na askari wa e5, wa pili huyo, na ngome yangu ikaingia e1 kumfukuza malkia. Alikimbia naye hatua nne huku kete zangu zinatoka moja baada ya nyingine, na mfalme wake hakupata roki. Hatua ya 27 alimlaza mwenyewe, kukubali kushindwa.

Mchezo wa tano sina la kusema. Kichaa wake alikwenda c4 badala ya b5, Kiitaliano. Kwenye daftari hapakuwa na Kiitaliano. Nilifungwa kabla chai haijapoa.

Mchezo wa sita nilihitaji kushinda, nikiwa na nyeupe. Nilikumbuka mechi ya ubingwa ya Sevilla, Hispania, 1987. Kasparov alikuwa nyuma kwa pointi moja dhidi ya Karpov, umebaki mchezo wa 24 tu, na hakurusha mawe. Alisogeza askari wa c4, akacheza polepole, akabaki na kete nyingi ubaoni, akasubiri mwenzake achoke. Nikasogeza c4. Kifaransa kinahitaji e4 ili kiwe Kifaransa; mbele ya c4 hakipo. Mwalimu aliangalia ubao, akaniangalia mimi, akatumia dakika kumi na moja kwa hatua yake ya kwanza.

Dakika zile ndizo zilizommaliza. Mpaka hatua ya 38 nilikuwa na nafasi nzuri kidogo tu, si ya kujivunia, lakini upande wake wa saa kibendera kilikuwa kimeinuka chote. Alilishika lile jiwe la volkano, akaliinua, hajaliteremsha bado, kibendera kikaanguka.

Tatu kwa tatu. Niliinuka nikaenda kuishika saa.

"Acha hapo," alisema Mwalimu. "Sevilla ilikwishaje?"

"Kumi na mbili kwa kumi na mbili."

"Na taji?"

Nikamwambia lilibaki kwa bingwa. Akaanza kuitia saa ufunguo, polepole, kama afanyavyo kila jioni, akaniambia nilete na Kiitaliano Januari.